Sabini na Mbili

Saa yangu ilikuwa imekufa mshale wa sekunde
tangu Jumapili, nikaona haya kusema.
Hivyo alfajiri ile, wodi ya wanaume, Muheza,
nilimshika mkono mzee wa kitanda namba tisa
kwa muda wa kutosha kuonekana nimeshika,
nikaandika: mapigo, sabini na mbili.

Namba nzuri. Haina makuu.
Namba ya mtu asiyetaka kumsumbua daktari.

Mwalimu Edita Semkiwa alikuwa na mwendo
wa waliolelewa jirani na kengele ya kanisa:
hakimbii, hachelewi.
Alisoma jalada. Akanitazama. Akasoma tena.
Nje wachuuzi walipanga machungwa matano matano,
nami nikayahesabu mafungu kupitia dirishani
ili nisikutane na macho yake.

"Sabini na mbili," alisema, kama anayeonja chumvi.
Kisha akabandua saa yake kifuani,
ile inayoning'inia kichwa chini, aisome mvaaji tu,
akaitia kiganjani mwangu, bado ina joto lake.
"Dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili."

Nikakaa.
Mkono wa mzee ulikuwa mzito,
umechanjwachanjwa na miiba ya mkonge,
kovu juu ya kovu, kama ukurasa
ulioandikwa hadi pembezoni.
Moja. Mbili.
Halafu kimya, kirefu,
moyo umesimama mlangoni
kama mtu aliyesahau alichofuata.
Tatu.

Arobaini na nne.

Mwalimu hakusema neno. Alinyoosha mkono kwenye trei,
akakiondoa kile kidonge cha moyo
nilichokuwa karibu kumpa na maji kikombeni,
akakirudisha chupani. Kilipogonga kioo
ndipo nilipoisikia hukumu yangu.
Haikuwa na sauti zaidi ya hiyo.

Nilisubiri kufukuzwa. Kichwani nilikwisha kunja sare.
Yeye akauliza tu, "Anaitwaje?"
Jaladani paliandikwa: Hajulikani. Siku ya nne hiyo.
"Muulize. Na mkono usiuachie."

Alinieleza taratibu, akipumzika kati ya maneno:
alikuja kwa treni kutoka Heru, kijana,
shambani wakampa kipande,
wakamwita kwa namba iliyo juu yake.
Manamba. Alilitamka bila uchungu,
kama anayetaja shati la zamani.
Namba ya mstari, namba ya mzigo, namba ya chumba kambini,
na sasa, mwanangu, akatabasamu, namba tisa.
"Lakini mama yangu aliniita Ntakije."

Jioni, baada ya sala, nilitaka kulia, kilio hakikuja.
Mwalimu alikaa benchi la nyuma akivua viatu,
miguu imemvimba.
Akasema pasipo kunigeukia:
"Mungu anajua idadi ya nywele zetu.
Unadhani alikisia?"
Kisha akaniomba nimsogezee ndala zake.

Kesho yake alinifundisha
jinsi kosa linavyofutwa hospitalini:
halifutwi.
Si kwa wembe, si kwa rangi nyeupe.
Unalipiga mstari mmoja mwembamba, libaki likisomeka,
unaandika ukweli pembeni yake, na jina lako.
Jina langu ni fupi.
Siku ile liligoma kwisha.

Ntakije aliishi siku kumi na moja zaidi.
Sisemi nilimwokoa; nilikuwa karibu kumuua.
Ila kwenye kitabu cha mazishi jina lake liko kamili,
kwa mwandiko wangu.

Saa ya Mwalimu ninayo mimi sasa.
Wanafunzi hunung'unika korido nzima:
mama huyu, dakika nzima kwa kila mgonjwa,
na wodi imefurika hadi sakafuni!
Wana haki. Nami siwapunguzii hata sekunde.
Nikishika mkono wa mtu
nahesabu kama anayejifunza kusali, moja moja,
na pale kimya kinapoingia
sikijazi.
Nangoja.