Mstari wa Arobaini na Moja

Kengele ya shule yetu, hapa Duga,
ni kipande cha reli kilichoning'inia kwa mnyororo,
na miaka miwili mpigaji nilikuwa mimi.
Saa moja na nusu kamili, alisema Mwalimu Mkuu.
Kamili yangu ilikuwa na macho:
ilitazama kwanza njia ya Mwambani
kama Mwanjaa Kibwana keshatokeza,
viatu mkononi, sketi imelowa umande,
maandazi ya watu kayachoma tangu alfajiri.
Ndipo nikagonga.

Hakuna aliyejua. Hata yeye.

Kisha ikaja klabu. Jumatano na Alhamisi, baada ya vipindi,
chumba cha zamani cha cherehani,
kompyuta sita, moja haina herufi ya M;
ukimwandika mwalimu, inamwita waliu.
Mwalimu Sechambo akasema:
tafuteni kazi moja ya shule, muifundishe mashine.
Wote wakanigeukia mimi.

Mota ya waipa tuliiomba gereji ya Mabawa.
Nyaya tulizimenya kwa meno.
Solda ikaniunguza kidole hiki.
Siku ya kwanza ikagonga saa nane usiku,
mlinzi akatoka na rungu kusaka wezi.
Ya pili ikagoma.
Ya tatu, kamili.
Kamili isiyo na macho.
Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga pia,
maana mikono haikuwa na kazi nyingine.

Wiki nzima Mwanjaa akapiga magoti kwenye kokoto,
safu ya wachelewaji.
Akaniambia, akipangusa vumbi:
"Kengele yenu hii ina haraka, inakwenda wapi?"

Alhamisi nilibaki nyuma.
Nikafungua programu, nikashuka taratibu,
nikapita mistari ya Sechambo, mistari ya Zuhura,
mpaka wa arobaini na moja, uliokuwa mtupu.
Nikaandika: subiri.
Sekunde mia moja na themanini.
Insha zangu hurudi na wino mwekundu,
lakini huo niliuandika bila kosa.

Sasa Mwalimu Mkuu huitazama saa ya mkononi,
kisha reli, kisha saa.
"Mashine yenu inachelewa."
"Tutaiangalia, mwalimu."
Na kweli naiangalia, kila asubuhi, nimesimama dirishani:
geti, njia, vumbi kidogo,
Mwanjaa anaingia,
anavaa kiatu cha pili,

reli inalia.