Toa Mfano

Nimepewa mimi kuandika wasifu wako, mama,
na tangu jana usiku nimekwama mstari wa pili.
"Alikuwa mwema kwa watu wote," nimeandika,
papo hapo naiona kalamu yako nyekundu
ikishuka pembeni mwa ukurasa: Toa mfano.

Haya, mfano.
Barua yangu ya kwanza kutoka bwenini, Musoma,
niliomba hela ya sabuni, na viatu.
Ilirudi baada ya wiki tatu, barua ile ile,
imesahihishwa, sita juu ya kumi,
"mahari" imekatwa, juu yake "mahali",
na katikati ya kunjo noti mbili zinanuka kayabo.
Viatu hukuvitaja.
Vilikuja na kondakta Jumamosi,
kimoja umekijaza karanga.

Mmoja hautoshi, najua.
Nyumba yetu Mabatini, juu ya mawe:
kila ndoo ilipanda vidato mia na kumi na viwili
(ulituhesabisha, ndiyo ilikuwa hesabu ya jioni)
baba yuko njiani na treni ya Tabora,
na sisi sita, na wawili wa marehemu mama mdogo Nyamisi,
ambao mgeni hakuwahi kuambiwa ni wepi.

Ulipostaafu, mafao yakachelewa miaka miwili.
Hukulalamika.
Hapana, futa. Ulilalamika sana,
kwa sauti, ukichambua mchele,
mpaka jirani akafunga dirisha.
Kisha ukajifunga kanga, ukateremka Mwaloni
kuwafundisha wauza dagaa kuandika majina yao
kwa mkaa, juu ya maboksi.
Ada, kisado kimoja kwa mwezi. Paka wetu walinenepa.
Leo wanawake hao wapo uani na masufuria yao,
wamepanga foleni kwenye daftari la rambirambi,
wanaandika polepole, ulimi nje kidogo.
Kile kidau cha wino wa dole gumba
mjumbe amekirudisha mfukoni.

Sijasema bado habari ya kura na kula.
Miaka thelathini na minne mbele ya watoto wa ziwa hili,
chaki hadi kwenye kope:
"Kura tunapiga. Kula tunakula. Rudieni."
Tukarudia, mpaka makorongo juu ya bati wakahama.
Na wewe mwenyewe, Nyabwire, binti wa Majita,
uliuchunga ulimi wako
kama mtu anayechunga maziwa jikoni;
hata ukigombana na baba, hata kwenye uchungu wa kuzaa,
shangazi anasema, kila herufi ilikaa kwenye kiti chake.

Bugando, basi. Jumanne, saa kumi na moja alfajiri,
mlinzi ametufumbia macho, tumezunguka kitanda.
Chini huko taa za wavuvi wa dagaa zinarudi nchi kavu.
Ukafumbua macho, ukatuhesabu,
niliiona midomo ikienda,
ukafika nane, ukapumzika, ukauliza:

"Mmekura?"

Hakuna aliyesahihisha.
Tuliitika kwa pamoja, darasa zima,
watu wenye mvi na wajukuu:
Ndiyo, Mwalimu, tumekura.

Mchungaji akiuliza, si kosa la chapa.
Liacheni hivyo hivyo.