Mstari wa Mpanda Farasi

Mezani pangu, chini ya turubai la buluu,
upepo wa nyika unapekua fomu kabla yangu.
Nimezibana kwa mawe manne na kikombe cha chai ya chumvi.
Mimi ndiye mwandikishaji wa mbio. Cheo kidogo,
muhuri mkubwa.

Luvsandorj anakuja na farasi wake mwekundu
na mtoto.
Nimetaja farasi kwanza; ndivyo wanavyokuja.
Farasi ana daktari, ana cheti cha chanjo,
meno yamekaguliwa, kwato zimetazamwa,
nasaba yake inajulikana hadi babu wa tano.
Mtoto ana kofia ngumu ya kuazima
inayomshukia kwenye nyusi.

"Miaka?"
"Saba."
Cheti kinasema sita, na miezi kumi.
Luvsandorj anacheka, wala hana hasira:
"Kwetu, dada Khandsuren, hata tumbo la mama lina kalenda.
Ongeza ile miezi tisa. Umepata saba, na chenji inabaki."

Anasema kweli. Bibi yangu alinihesabu vivyo hivyo.
Ila sheria haikulala tumboni mwa mtu;
ilizaliwa ofisini, mchana, kwa kura,
majeneza mafupi yalipozidi kuwa mengi.

Mwaka juzi niliulizwa mahakamani:
"Sahihi hii ni yako?"
Ni yangu. Herufi ya mwisho ina mkia, kama ya mama.
Mdhamini alikuwa na wakili.
Chama kilikuwa na kanuni, zimepigwa chapa vizuri.
Bima ilikuwa na maandishi madogo.
Mkufunzi alikuwa na wazazi walioridhia,
na wazazi walikuwa na deni kwa mkufunzi.
Kila mmoja alisimama nyuma ya karatasi yake
kama mtu anayejikinga mvua.
Jina la msichana lilitamkwa mara mbili tu,
zote mbili kwa kukosewa.
Anaitwa Nomuun. Yu hai. Shingo haigeuki.
Farasi wake alifika peke yake, tandiko tupu,
akapewa nafasi ya tatu.
Kanuni zinaruhusu.

Umati unangoja. Kilomita kumi na tano za vumbi,
gari la wagonjwa moja,
na dereva wake kaenda kutazama mieleka.
Mwenyekiti ananitazama kutoka jukwaani,
anagonga saa yake kwa kidole.
"Mila," ananong'ona katibu, "haikatwi kwa ncha ya karatasi."
Nami nawapenda farasi. Nilipanda kabla sijajua kusoma.
Hilo ndilo linalonichosha:
sina upande wa kukimbilia.

Namgeuzia mtoto ile fomu.
Upo mstari wa mzazi, wa mkufunzi, wa mmiliki,
wa daktari wa farasi.
Wa mpanda farasi haupo.
"Andika jina lako," namwambia. "Popote."
Anashika kalamu kama anavyoshika mjeledi.
Ulimi nje, jasho puani,
anatoa T moja, imelala chali.
Anainua kichwa; kofia inamfunika macho.
"Zilizobaki sijafundishwa."

Kanuni hazisemi neno kuhusu herufi moja.
Narudisha muhuri begini, nafunga zipu.
Luvsandorj kanyamaza. Mwenyekiti anashuka ngazi.
Na farasi mwekundu, ambaye karatasi zake zote zimetimia,
anatafuna pembe ya daftari langu.