Kodi ya Kona

Machi. Theluji imebaki vivulini tu.
Tumesimama uani kwa Tjaden, muuza matrekta,
mbele ya mawili mekundu, injini moja, kiti kimoja,
bei zimepishana dola mia na ushei.
La kwanza limebana mbele: magurudumu mawili bega kwa bega
kama watoto wanaoogopa daraja.
La pili limetanua miguu
kama ng'ombe aliyekataa kusukumwa.

Verlyn analitaka lililobana. Hakosei.
Hilo hupenya mahindi kama uzi tunduni mwa sindano,
majembe ya palizi hukaa mbele ya macho yake,
na mwisho wa mstari hugeuka hapo hapo,
halikanyagi hata mche.
"Hilo pana," akasema, "linageuka kama jeneza mlangoni."

Kisha akanyamaza.
Tjaden akaanza kukagua buti zake.

Hakuna aliyemtaja Orrin.
Mteremko wa kaskazini, Juni, nyasi zimekatwa nusu,
gurudumu la nyuma likadumbukia shimo la panya buku.
Tulipofika injini ilikuwa bado inanguruma,
na yale mawili madogo ya mbele
yanazunguka yakitazama mbingu,
pole pole, kama yana safari.

"Hata ekseli pana huchezea kwenye pini yake," Verlyn akaniambia,
bila kunitazama. "Likiamua kupinduka, litapinduka."
Labda. Mimi sikusomea vyuma.
Nilisomea daftari la nyumba,
sukari, mbegu, riba ya benki huko Decorah,
na najua nusu shari inauzwa bei gani.
Nikafungua mkoba.
Nikahesabu ile mia na ushei, noti kwa noti,
juu ya boneti ya lile pana.
Fedha ya mayai. Hakuuliza.

Sasa ni Julai. Kila anapofika mwisho wa shamba
anakata kona, anarudi nyuma, anakata tena,
anaponda mahindi sita, saba,
analaani kwa Kinorwe cha bibi yake
akidhani upepo haufiki jikoni.
Jioni napita na toroli, naokota yaliyolala,
nawapelekea nguruwe.
Nayahesabu kwanza.

Leo arobaini na moja.
Kesho anakata nyasi za mteremkoni.