Mirija Miwili

Walichukua yangu kwanza, ili Subilaga asiogope.
Kisha yake. Mirija miwili, vifuniko vya zambarau,
jina moja la baba, tarehe moja ya kuzaliwa,
ikalazwa kwenye boksi la barafu
ikapita Kiwira, ikapita Isongole ndani ya ukungu,
kuelekea Mbeya.

Ilianza na kahawa.
Msimu ule alichanganya mbichi na mbivu kapuni
nikamgombeza: huoni?
Akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akatazama mti mzima.
"Kwa hili la kushoto," akasema, "nyekundu imekwenda.
Buni zote majivu."

Jicho lilirudi. Mguu ukaondoka.
Mguu ukarudi nusu.
Shangazi Atuganile alimtaja jirani, kwa jina na ukoo.
Mchungaji alisema tuombe; tukaomba.
Picha ya ubongo ikaonyesha madoa,
kama shamba la viazi lililopigwa na ukungu
hapa na pale, bila mpangilio.

Daktari alichora waya nyuma ya cheti:
"Askari wa mwili wake wanautafuna mpira.
Umeme upo. Unapotelea njiani."
Basi Julai, tunapobanana jikoni Tukuyu nzima,
yeye hukaa barazani, manyunyu yakimpiga magotini.
Akiusogelea moto, miguu inamsahau.

"Na mimi?" niliuliza. "Tuligawana yai moja."

Kihwele wa maabara alivua miwani.
"Herufi zenu ni zile zile, hata makosa ya tahajia.
Ila seli haisomi kitabu chote. Inanakili kurasa.
Kwake, kurasa za vita zinanakiliwa usiku na mchana,
na ule ukurasa unaosema *imetosha, rudini nyumbani*
hauna msomaji.
Kwako za vita zipo pia. Zimelala."

Kwa nini kwake? Hakunificha: hajui.
Labda homa ya utotoni. Labda kitu kidogo
kilichopita dakika ishirini zile
yeye yuko nje, mimi bado ndani.

Nilimsimulia Subilaga, nikilia.
Akacheka, sindano ya kufumia mkononi, vidole vikikosa uzi.
"Hata shuleni," akasema,
"mimi ndiye niliyesoma kwa sauti."

Zimelala, alisema Kihwele.
Tangu siku ile, kila alfajiri, kabla ya kwenda shambani,
nauteremsha mguu wangu sakafuni
taratibu.