Mwokota Mipira

Nilipanda basi Mafinga saa kumi na moja alfajiri,
sweta mbili, juu yake koti la marehemu kaka,
mfukoni viazi vitatu vya kuchemsha
vikinipasha paja mpaka Makambako.
Ledina hakunisindikiza. Alisemea kitandani,
blanketi limemfika puani:
"Nauli ya kwenda kutazama watu wakirudishiana mpira,
si tungeongezea mfuko wa mbolea?"
Sikujibu. La mbolea nalo ni kweli.

Igawa ukungu ukaachia.
Uyole kondakta akanigusa bega:
"Mzee wa tenisi, unashuka hapa, chukua bajaji."
Akaitamka tenisi kama jina la ugonjwa
ambao bado haujafika kijijini kwao.

Niseme wazi: sijawahi kushika raketi nikapiga.
Nilikuwa mwokota mipira, klabu ya shamba la chai, Mufindi,
umri miaka tisa, miguu peku
kwenye nyasi za Julai zilizoganda barafu.
Ujira shilingi moja kila Jumamosi
na soda aliyoibakiza mtu.
Meneja alinifunza mambo mawili:
usiukimbilie mpira ungali hai,
na ukimpa mpigaji, udunde mara moja, umfike kiunoni.
Mengine niliokota mwenyewe, pamoja na mipira:
kumi na tano, thelathini, arobaini,
na mpaka leo najiuliza
zile tano zilizopungua alizila nani.

Tiketi elfu tano. Jukwaa la mbao,
Loleza limesimama nyuma yetu kama aliyekosa kiti.
Kijana wa Kisumu, Otiato, anapiga kwa kushoto;
mwenzake Mreno, mtangazaji kalijaribu jina lake mara tatu
kisha akaamua kumwita Mgeni Wetu.
Mgeni Wetu amezoea hewa nzito ya pwani ya kwao.
Huku juu hewa ni nyepesi, mpira ukipigwa hausikii amri,
unapita mstari, unagonga turubai, pwaa!
Anautazama mkono wake kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Hana kocha. Wakati wa mapumziko
anafunga utepe wa mpini mwenyewe, kwa meno.

"Kimya, tafadhali," refa akasema.
Tukanyamaza, elfu nzima na ushee.
Otiato akarusha mpira juu,
na ng'ambo ya ukuta jogoo wa mtu akawika.
Otiato akaudaka. Akasubiri.
Akarusha tena. Jogoo naye.
Hapo hata refa alificha uso kwenye karatasi zake.

Lakini nikiri: kuanzia seti ya pili
sikuwatazama tena wale wawili.
Palikuwa na binti kwenye wavu, kofia imemzidi kichwa,
goti moja chini, vidole vimegusa ardhi.
Mpira ukifa, yeye tayari amefika;
ukiwa hai, ni jiwe.
Vichwa vyote kushoto, kulia, kushoto,
vyetu viwili tu, changu na chake,
vikifuata kile kinachoanguka.
Magoti yangu, yenye miaka sitini na minne,
yakaanza kujikunja yenyewe chini ya koti.

Ndipo Mreno akapiga moja kwa hasira,
ukapaa juu ya turubai, ukadunda ngazini,
ukaja mpaka kwenye kiatu changu. Mpya.
Nikaunusa kabla sijaona aibu:
harufu ileile ya kopo likifunguliwa.
"Kaa nao, mzee!" vijana wakapiga kelele.
"Wapelekee wajukuu!"
Binti alishasimama kando ya uwanja,
mikono mbele, hasemi neno.

Nikainuka. Koti likaangusha ganda la kiazi.
Nikaurusha.
Ukadunda mara moja.
Ukamfika kiunoni.

Akaugeuza, akampa Otiato, akarudi kwenye goti lake,
hakuangalia hata ni nani aliyempa.
Ndivyo inavyotakiwa.

Usiku, Mafinga, Ledina aliacha taa inawaka.
Akauliza viazi vilitosha.
Nikasema kimoja kilibaki,
nikakitoa, kimepondeka, kimeshikwa na manyoya ya kijani.