Saa Nne, Halifax

Kwenye ramani ni kilomita elfu kumi na mia tisa
kwa kunguru, kama kunguru angeweza.
Mimi si kunguru. Nina begi la kilo ishirini na tatu
na njia yangu huanza kwa kuipa Tabora kisogo:
saa mbili na ushei kwenda Toronto, magharibi,
kama mtu anayerudi nyuma ili auruke mtaro.
Kisha Addis, saa kumi na tatu, magoti yamekunjwa.
Kisha Dar. Kisha kale kandege ka pangaboi
kanakopaa kakitaka.
Ukijumlisha mabenchi ya kusubiri, siku mbili kasoro.
Ukijumlisha nauli, miaka minne.

Mama hana habari na hayo. Yeye hupima kwa swali moja:
"Huko saa ngapi, Nyamizi?"
Nami hujibu saa kumi, mama, bado usiku,
naye huguna, "Basi hamkuchi huko,"
akakata simu ili nisiishiwe salio, ambalo ni lake.

Hadi zamu ile ya Juni, kiwanda cha mikate, mtaa wa Agricola,
unga umenifika kwenye nyusi, simu nimeibana begani.
Nikaitazama saa ya ukutani. Mshale mfupi kwenye nne.
Kwa uchovu nikasahau kuigeuza iwe kumi.
"Saa nne, mama."
Kimya. Nikasikia sufuria ikitua chini.
"Hata hapa saa nne!"

Yake, jua limeshapasha bati.
Yangu, ukungu umeimeza bandari na taa zake.
Lakini nne ni nne. Mama alicheka mpaka akapaliwa,
na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikwisha ambiwa:
Nyamizi hayuko mbali, wanasema uongo,
saa zetu ni moja.

Tukaishi hivyo Julai, Agosti, hadi majani yakawa mekundu,
watu wa ukuta mmoja.
Yeye akitia chumvi, mimi natia hamira.

Jumapili ya kwanza ya Novemba
Bwana MacAskill akapanda juu ya kiti,
akausukuma mshale nyuma kwa kidole kimoja,
taratibu, kama anayepangusa unga mezani.
"Umezawadiwa saa ya bure," akaniambia akishuka.
Ni mtu mwema. Ningemwelezaje alichokihamisha?

Simu ikatetemeka kwenye aproni.
Ukutani, saa tatu.
"Huko saa ngapi?"

Nikawatazama wenzangu, kana kwamba wanajua Kiswahili.
"Saa nne, mama."
"Ee," akasema, ameridhika, "kama hapa."

Mikate ya zamu ile ilitoka mibichi.
Niliitoa kwa saa ya Tabora.